Silvanus, Fundi wa Askari Wasio na Viatu

Mume wangu Silvanus ana miaka hamsini na tisa na hajawahi kushika bunduki. Panya wa stoo anawafukuza kwa kandambili. Lakini mwulize askari wa Mwingereza aliyepita huku kwetu mwaka 1917 alikuwa na mifuko mingapi kwenye shati, atakujibu kabla hujafunga mdomo, na ukizubaa utaelezwa hata vifungo.

Alizaliwa Mtua, upande wa Nachingwea, kwa wakulima wa korosho. Alimaliza la saba, akajaribu kulima, kilimo kikamshinda. Akajaribu kushona, cherehani nayo ikamshinda. Waliomkubali ni watakatifu. Sanamu ya kanisani ikianguka ikavunjika pua, anaitwa Silvanus. Amezunguka parokia za wilaya mbili, yao na yetu, kwa baiskeli, ndoo ya plasta nyuma, akiwarudishia watakatifu vidole. Mtakatifu Antoni amempa pua katika makanisa manne, na zote nne ni pua ya marehemu baba yake, kwa sababu ndiyo pua pekee aliyokuwa anaijua vizuri. Waumini hawajalalamika.

Kwetu, upande wa Nambilanje, alikuja kutengeneza mkono wa Mtakatifu Yosefu. Mkono mmoja ulimchukua wiki tano. Hata paroko wa wakati ule aliona hapo pana jambo jingine, na haikupita muda akatutangaza kanisani.

Katika ukoo wetu mwanaume akioa anakuja kujenga ukweni. Na akishajenga, yeye na mama mkwe hawasemeshani ana kwa ana. Ni heshima. Mama yangu mzazi alifariki zamani, lakini dada yake yupo, Mama Mkubwa Dafrosa, miaka themanini na tatu, mwenye masikio yanayosikia sufuria ikifunuliwa nyumba ya tatu. Nyumba yake na yetu zinatazamana. Jioni anakaa kwake kageukia barabarani, Silvanus anakaa kwetu kageukia jikoni, na mimi nipo katikati kama mnara wa simu.

"Mwambie mumeo mbuzi wake yuko kwenye mihogo yangu."

"Silvanus, mbuzi yuko kwenye mihogo."

"Mwambie Mama nimesikia, naenda."

"Mama, amesikia, anaenda."

Wakati huo mbuzi ameshamaliza shina la tatu. Tumeishi hivyo miaka ishirini na saba.

Habari ya askari ilianza na kosa. Paroko wetu wa sasa, Padri Titus, alitaka askari wawili wa Kirumi wa kulinda kaburi la Bwana wakati wa Pasaka. Silvanus alikuwa hajawahi kumwona Mrumi. Alifanya alichoona ni cha busara: alikwenda kumtazama mlinzi aliyekuwa karibu, mlinzi wa ghala la korosho. Ilikuwa masika. Basi kaburi la Bwana likalindwa na watu wawili wenye kofia za chuma, mikuki, na mabuti meusi ya mvua.

Padri Titus aliinama akawatazama.

"Silvanus, hiki kiunoni ni nini?"

"Tochi, Padri."

"Mrumi aliinunua wapi?"

Silvanus alifunga ndoo yake kwenye baiskeli akaondoka. Siku hiyo hakula. Kesho yake alikula, lakini tangu hapo hapaki rangi kitu ambacho hajakiona, au hajaambiwa na mtu aliyekiona. Vijana wa Namungo walimjia wakitaka awachongee timu nzima, wachezaji kumi na mmoja na kocha. Aliwauliza soksi zina mistari mingapi. Mmoja akasema miwili, mwingine akasema mitatu. Akawaambia warudi wakishapatana. Hawajarudi.

Mwaka huu parokia inatimiza miaka mia. Padri Titus alitaka ukumbini kuwe na meza ya kuonyesha yaliyopita hapa kabla ya kanisa: ile vita ya Mjerumani na Mwingereza, msururu mmoja ukikimbia mbele, mwingine ukifukuza nyuma. Watu arobaini, kila mmoja urefu wa kidole cha kati. Kazi akapewa Silvanus. Padri alimpa kitabu cha Kijerumani chenye picha za askari wa Mjerumani, na picha moja kubwa iliyoachwa na mapadri wa zamani, ya askari wa Mwingereza na wapagazi wao wakivuka mto. Zote hazina rangi, nyeusi na nyeupe tu.

Hapo ndipo taabu yangu ilipoanzia. Kuchonga hakukuwa shida. Anatumia mti wa msufi, mwepesi, haukatai kisu. Shida ilikuwa kaki. Alichanganya njano, kahawia na majivu, akawa anajaribia kwenye mlango wa jiko langu. Mlango wangu leo una kaki kumi na moja. Nikimuuliza ipi ndiyo ya kweli, ananionyesha ya tisa. Mimi naona zote ni mlango mchafu.

Kisha viatu. Wale wa Mjerumani kwenye kitabu wana viatu, na kofia yenye kitambaa kinachofunika kisogo. Wale wa Mwingereza kwenye picha wanatembea peku, na vitambaa wamejizungushia miguuni toka kifundo hadi chini ya goti. Silvanus akawachonga hivyohivyo, vidole vyote kumi. Mwenyekiti wa kamati ya jubilei alipowaona alisema wanaidhalilisha parokia, angalau wapewe raba. Silvanus alimwuliza raba za rangi gani. Mwenyekiti akadhani anakubaliwa, akakaa nusu saa akichagua.

Brashi yake nyembamba anaitengeneza kwa manyoya ya sikio la ndama, na ndama ni wa Lubasha. Lubasha ni Msukuma, alikuja na ng'ombe wake kutoka kanda ya ziwa miaka sita iliyopita, anaishi ng'ambo ya bonde. Siku aliyoleta manyoya aliona askari wa Mjerumani wamepangwa dirishani wakauke. Akamchukua mmoja, akamgeuza.

"Huyu ni babu yetu."

"Babu yenu yupi?" Silvanus akauliza.

"Wa nyuma huko. Alichukuliwa na Wajerumani, akaondoka nao kwa miguu, hakurudi. Nyumbani wanasema tu alielekea kusini. Kusini si ndiyo hapa?"

Silvanus akaweka kisu chini. "Alikuwa mrefu?"

"Wanasema kama mimi."

"Simama hapo mlangoni."

Lubasha akasimama, ng'ombe wakiendelea na safari yao bila yeye. Silvanus akampima kwa macho, akamtupa yule askari wa kwanza kwenye kapu la kuni, akachonga mwingine mwenye miguu mirefu na viatu imara.

Mama Mkubwa alikuwa amesikia yote, kageukia barabarani. Jioni ile ujumbe ulikuwa mmoja.

"Mwambie mumeo ng'ombe wa yule mtu walikula mbaazi zangu, na sasa babu yake ana viatu."

Nikaufikisha. Silvanus akasema hakuna jibu.

Kesho yake Mama Mkubwa alikuja mwenyewe na kiti chake, akakiweka uani kwetu, akakaa kwa upande. Alikuja kwa ajili ya baba yake. Babu yetu Maximilian, baba yake yeye na mama yangu, ndiye fahari ya ukoo. Alikuwa askari wa vita ileile. Kila Novemba, mwezi wa marehemu, jina lake linasomwa kanisani, "marehemu askari Maximilian," na Mama Mkubwa anakaa wima kidogo. Medali yake imo kwenye kopo la majani ya chai, chini ya kitanda, imefungwa kitambaa. Mimi nimeonyeshwa mara mbili: siku ya komunyo ya kwanza na siku ya ndoa.

"Mwambie mumeo Baba anakaa mbele kabisa. Bunduki mkono wa kulia, medali kifuani kushoto. Na mimi siku ya jubilei nitasimama hapo mezani, watu wakiuliza nitawaambia."

"Mwambie Mama naomba nione medali, niipake ilivyo."

Alikuwa ameshaitoa kifuani kwake. Silvanus alinawa mikono kabla ya kuipokea.

Siku mbili baadaye aliniita mlangoni pa jiko. Alikuwa na medali mkono mmoja, na mkono mwingine lensi ya kusomea ya Padri. Medali ni bati la duara, jeusi kwa kukaa, lina tundu la kamba, na limegongwa herufi mbili na tarakimu nne. Halina picha ya mfalme. Halina kitu kingine.

"Tazama askari kwenye picha," akasema. "Nani amevaa hii?"

Nikatazama. Hakuna.

"Sasa tazama wapagazi shingoni."

Kila mpagazi alikuwa na kamba shingoni, na kwenye kamba kiduara. Nilihesabu saba nikaacha.

"Ni namba," Silvanus akasema. "Walikuwa wanavishwa wajulikane nani kafa, nani katoroka."

"Labda Babu aliiokota."

"Labda."

"Labda alimtunzia mtu."

"Labda."

"Silvanus, mpe bunduki tumalize. Huu ni mti wa msufi, si Biblia."

Akaligeuza lile duara kiganjani. "Nikimpa huyu bunduki, wale thelathini na tisa wote wanakuwa waongo."

Nikamwambia wale thelathini na tisa hawajajenga ukweni, yeye kajenga. Alilifikiria hilo, nilimwona akilifikiria. Kisha akakaa, akachukua kipande cha mti, akachonga mpagazi. Akamweka sanduku la risasi kichwani, na chini ya sanduku kata ya nyasi ili lisimuumize. Shingoni akamvisha duara dogo kama punje ya mtama, akaandika zile tarakimu nne kwa unyoya mmoja. Zinasomeka kwa lensi.

Ujumbe nikaupeleka mimi, nani mwingine. Mama Mkubwa alikuwa anapepeta choroko.

"Mama, Silvanus anasema hii si medali. Ni namba. Walikuwa wanavishwa wapagazi."

Ungo haukusimama. "Anasema nani?"

"Silvanus. Na picha ya Padri."

"Mwambie mumeo baba yangu hakuwa punda."

Nikavuka uani. "Silvanus, anasema hakuwa punda."

"Mwambie Mama sijasema punda."

"Mama, anasema..."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

Akachukua bati lake, akaingia ndani, akafunga mlango saa nne asubuhi. Kesho yake kinjia kati ya nyumba zetu kilikuwa na matawi ya miiba. Kwenda bombani akawa anazunguka barabarani. Jumuiya walipomwuliza kuhusu jubilei alisema hatafika, miguu inamuuma. Miguu hiyohiyo niliiona shambani kwake kabla jua halijatoka.

Wiki ya kwanza nilipumzika, sikutumwa na mtu. Wiki ya pili nilianza kumwambia Silvanus mambo ambayo hakuna aliyeyasema, ili mdomo usisahau kazi. Yeye hakubishana. Alikuwa anamchukua yule mpagazi, anamweka mbele ya msururu, anamweka katikati, anamrudisha mwisho. Rangi ilikuwa imekauka siku nyingi.

"Ukimbadilisha hamtarudiana leo?" nikamwuliza.

"Nikimbadilisha tutarudiana."

"Basi?"

"Basi Mama atakuwa anamwombea mtu ambaye hakuwepo."

Nikaenda kuosha vyombo.

Alhamisi kabla ya Jumapili ya jubilei tulipanga meza ukumbini. Mchanga wa mtoni, nyasi, mto wa nailoni ya buluu. Padri Titus alikuwa anaandika vikadi vya maelezo. Mlango ukafunguka, akaingia Mama Mkubwa na fimbo yake. Alimwamkia Padri, sisi hakutuona.

Akaanza mbele, kwa Mjerumani. Akafika kwa babu wa Lubasha, akasimama.

"Viatu vizuri," akasema, kama mtu anayesifia chakula cha msiba wa adui.

Akapita msururu wote, fimbo ikigonga sakafu, mpaka mwisho kabisa.

"Mwambie mumeo, huyu ni nani?"

"Ni Babu, Mama."

Aliinama mpaka pua ikakaribia mchanga. Padri akaacha kuandika. Aliinama muda mrefu, nikaanza kufikiria nani atamwinua.

"Na hili sanduku la kichwani kalitoa wapi?"

Nikamgeukia Silvanus. Fimbo ikapita kati yetu.

"Wewe nyamaza. Nimemuuliza yeye. Silvanus, sanduku umelitoa wapi?"

Miaka ishirini na saba. Silvanus alitazama sakafu kama vile jina lake limedondoka hapo.

"Kwenye picha, Mama."

"Baba yangu yumo kwenye hiyo picha?"

"Sijui, Mama. Sura hazionekani."

"Basi umebuni."

Nimemwona Silvanus akitukanwa, nimemtukana mwenyewe, lakini uso ule nilikuwa nimeuona mara moja tu, siku ya tochi.

Mama Mkubwa akavuta benchi, akakaa.

"Baba alikuwa na nundu begani kulia. Kubwa kama chungwa. Nilipokuwa msichana mimi ndiye nilikuwa nampaka mafuta ya nyonyo, kila Jumamosi. Nilimwuliza ni nini, akasema kitako cha bunduki. Nikaamini. Kisha nikaolewa na mwindaji wa gobore. Nimekaa na bega la yule mwanaume miaka thelathini, halikuota hata kipele."

"Kumbe ulijua, Mama," nikasema.

"Sikuulizwa."

Padri Titus akafungua mdomo, akaufunga. Alifanya vizuri.

"Na akishikwa na homa," Mama Mkubwa akaendelea, sasa anasema na Silvanus peke yake, "alikuwa anaweweseka neno moja. Badili bega. Badili bega. Usiku mzima. Mtu wa sanduku la kichwani anabadili bega?"

"Habadili, Mama."

"Anayebadili bega kabeba nini?"

Silvanus akasahau adabu, akamtazama usoni. "Machela."

Machela ni kitanda cha turubai kinachoning'inia kwenye mti mrefu. Majeruhi analala humo, watu wanaubeba ule mti begani, mmoja mbele mmoja nyuma. Ndivyo walivyobebwa wazungu walioumia. Silvanus alieleza haya yote kwa haraka, akionyesha kwa mikono, mpaka akaonyesha na watu wawili wa zamu wanaotembea pembeni wakingoja kupokezana.

"Kwa hiyo ni wanne," Mama Mkubwa akasema.

"Wanne, Mama."

"Watengeneze. Hao wenzake watatu sura zao sizijui, usiwabunie. Wainamishe tuone migongo."

"Jubilei ni Jumapili," nikawakumbusha.

"Leo Alhamisi," akasema Mama Mkubwa. "Mikono anayo."

Ijumaa na Jumamosi aliweka kiti chake mbele ya Silvanus, uso kwa uso, magoti yao yakikaribia kugusana. Nilipita mara kadhaa kuona kama kuna ujumbe. Hakukuwa na ujumbe. Nilichosikia ni nundu. Silvanus aliichonga ya kwanza.

"Ndogo."

Akaichonga ya pili, kwenye mti mpya.

"Hiyo ni jipu. Ongeza."

"Mama, nikiongeza itaonekana ana vichwa viwili."

"Wewe uliipaka mafuta au niliipaka mimi?"

Akaongeza. Ya tatu aliishika yeye mwenyewe, akaipitishia kidole gumba taratibu, huku na huku, kama anatafuta pale pagumu. Silvanus akajua imefika, akachukua brashi. Lile duara la shingoni alilipaka kwa kutazama lile bati lenyewe, Mama Mkubwa kalishika juani ili namba zionekane.

Shida ikabaki kwa mzungu. Silvanus alikaa na kipande cha mti mkononi bila kukichonga. Hakujua kofia yake, hakujua cheo, hakujua kama alikuwa na masharubu.

"Mfunike blanketi," Mama Mkubwa akasema. "Si anaumwa."

Akafunikwa blanketi, toka utosini hadi miguuni, na Silvanus alionekana mtu aliyetuliwa mzigo.

Jumamosi jioni tulirudi ukumbini. Machela ikawekwa katikati ya msururu, mahali penye mwanga wa dirisha. Padri Titus akachukua kadi.

"Hapa niandike nini, Mama Dafrosa?"

"Maximilian. Machela. Bega la kulia."

"Na ile nia ya misa ya Novemba? Imeandikwa marehemu askari."

"Futa askari. Jina linatosha, Mungu anamjua."

Padri akafuta. Kisha akaelekeza kalamu kwenye blanketi. "Na huyu je?"

"Hatumjui jina, Padri," Silvanus akasema. "Wala cheo. Bora tuache kadi wazi."

Mama Mkubwa alikuwa ameshageuka aondoke. Akasimama mlangoni.

"Andika mzito," akasema.

Padri Titus alimtazama Silvanus. Silvanus alifikiria kidogo, kama anavyofikiria vifungo, akasema hilo lina shahidi begani, liandikwe. Likaandikwa.